Picha ya mtoto ya kutundika sebuleni: nitumie simu au nimpeleke studio?

"Habari za kazi. Naishi Moshi, maeneo ya Rau. Nina binti wa miaka mitatu na nusu, nataka picha yake ya fremu, sentimita 40 kwa 60, nitundike juu ya kochi kabla wageni wa Desemba hawajaanza kuja. Nimempiga mwenyewe kwa simu uani, saa saba mchana, jua likiwa limewaka vizuri, akiwa na gauni jeupe. Kwenye simu inapendeza. Nilipoituma WhatsApp kwa watu wa steshenari wakaitoa, uso umekuwa mweusi, macho hayaonekani na picha yote ina ukungu. Nyingine nilipiga ndani usiku kwa flashi, macho yametoka mekundu. Mtoto mwenyewe hatulii, nikimwambia cheka anakenua meno tu. Simu yangu ni ya kawaida, imeandikwa megapikseli 50. Jirani anasema bila kamera kubwa ni kupoteza hela. Nimpeleke studio? Na inawezekana Mlima Kilimanjaro uonekane nyuma yake?"

Nzuri, dada. Nikikuelewa, hofu yako ni kwamba simu haifai kwa kazi hii. Inafaa, hata kwa huo ukubwa wa 40 kwa 60. Picha yako imeumizwa mara tatu njiani: jua la saa saba liliuficha uso, WhatsApp ikaipunguza, halafu mashine ya steshenari ikamalizia. Nianze na la WhatsApp kwa kuwa ndilo rahisi.

Picha ya simu ni mkusanyiko wa vidoti, yaani pikseli. Picha ya kawaida ya simu ina pikseli kama 4,000 kwa 3,000. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa isile bando, na mara nyingi upande mrefu unabaki na pikseli 1,600 hivi. Sentimita 60 ni karibu inchi 24. Picha ya asili ikitandazwa hapo inakupa pikseli kama 170 kwa kila inchi, lakini ile iliyopita WhatsApp inakupa 68. Picha ya kushika mkononi inataka 300 kwa inchi. Ya ukutani, inayotazamwa kutoka mita mbili, inaridhika na 150 hadi 200. Chini ya 100 jicho linaanza kuona ukungu, na huko ndiko ulikofika. Kwenye simu hukuuona kwa sababu kioo chake ni kidogo.

Kwa hiyo picha ya kusafisha ipeleke kwa flashi diski au kwa waya wa simu. Ukilazimika kutumia WhatsApp, bonyeza alama ya kuambatisha, chagua dokumenti, ndipo uitafute picha. Ikipita njia hiyo haibanwi. Kitufe cha HD kinasaidia, ila bado kinapunguza. Skrinshoti usiifikirie kabisa. Ukifika studio waambie wakuonyeshe uzito wa faili kwenye kompyuta. Ukiona megabaiti mbili, tatu au zaidi, endelea. Ukiona kilobaiti 200, rudi nyumbani ukachukue ya asili.

Zile megapikseli 50 nazo zisikuchanganye. Simu za namna hiyo kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja ili zikusanye mwanga zaidi, na unachopata ni megapikseli 12 na kidogo. Hizo ndizo nilizopigia hesabu hapo juu. Hali ya kutumia 50 zote ipo kwenye mipangilio, lakini inafaa nje penye mwanga mwingi tu. Ndani inakuletea chengachenga.

Kabla hujapiga tena, pima ukuta. Kochi la watu watatu lina urefu wa kama mita mbili, na picha moja ya wima yenye upana wa sentimita 40 hapo juu inaonekana kama stempu kwenye bahasha. Ningekuwa ni mimi wa kuamua, ningeweka tatu za wima za 30 kwa 45, zikiachana sentimita 5. Jumla inafika mita 1, yaani nusu ya kochi, na ukuta unajaa vizuri. Pia kila picha inapata zaidi ya pikseli 220 kwa inchi badala ya 170. Ya katikati iwe uso. Ya kushoto awe anafanya kitu anachokipenda: anamwaga mtama kwa kuku, anachambua maharage kwenye ungo, anavaa viatu vya baba yake. Ya kulia iwe ya karibu sana na isiyo na uso, kama vile vidole vyake ndani ya kiganja cha bibi, au miguu yenye vumbi kwenye ngazi za baraza. Picha ya namna hiyo ndiyo wageni huisogelea. Ukitaka moja tu, basi iwe ya kulala, siyo ya wima.

Angalia na umbo. Simu hupiga kwa uwiano wa 3 kwa 4, wakati fremu za 30 kwa 45 na 40 kwa 60 ni 2 kwa 3. Picha ya wima ikiingia humo inapoteza kama sehemu moja ya tisa ya upana wake. Kwenye fremu ya inchi 8 kwa 10 mambo yanageuka, inakatwa juu na chini, na ndiyo maana kuna watoto wengi ukutani wasio na mabutu. Acha nafasi pembeni na juu ya kichwa unapopiga. Ya ziada itakatwa baadaye, lakini kilichobaki nje ya picha hakirudi.

Sasa jua. Wengi huamini jua kali ndiyo mwanga mzuri. Kwetu huku jua hufika juu kabisa karibu saa sita na nusu mchana, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta linasimama karibu na utosi. Mwanga unatoka juu, paji la uso linatupa kivuli ndani ya macho, pua inatupa kingine mdomoni. Gauni jeupe likaongeza tatizo. Kamera haijui inatazama mtoto. Inapima mwangaza wa eneo zima na kujaribu kuuweka wa wastani. Ilipoona gauni jeupe na ua uliowaka ikadhani mwanga umezidi, ikapunguza, na uso ukashuka pamoja na vingine. Ngozi ya mtoto haina kosa lolote hapo. Dawa ni kugusa uso kwenye kioo, kushikilia kidole mpaka alama ya kufunga itokee, kisha kuburuta ile alama ndogo ya jua juu au chini huku ukitazama shavu. Shavu linalong'aa likigeuka doa jeupe lisilo na ngozi ndani yake, umezidisha.

Gauni jeupe livae kivulini tu, na la krimu ni salama zaidi. Kwa picha ya uso, rangi moja iliyotulia (haradali, damu ya mzee, bluu ya kuiva) inauachia uso kazi. Kitenge chenye maua makubwa kiweke kwa picha ya mwili mzima. Mpake mafuta kidogo, kwa sababu ngozi yetu inaonyesha umbo lake kwa mng'ao laini wa paji na mashavu. Poda usimpake, si usoni wala shingoni. Ikitoka kwenye karatasi inakuwa majivu. Halafu ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime hali ya urembo. Simu nyingi zinazouzwa kwetu huja nayo ikiwa imewashwa, inamsafisha mtoto ngozi mpaka anafanana na mwanasesere.

Studio bora uliyonayo bila kulipa ni mlango wa nyumba yako. Chagua ambao jua haliupigi moja kwa moja: asubuhi unaotazama magharibi, jioni unaotazama mashariki, siku ya mawingu wowote ule. Fungua wazi, ondoa pazia, zima taa zote za ndani; taa ikichanganyika na mwanga wa nje shavu moja linakuwa la njano na jingine la bluu. Weka kigoda ndani, kati ya sentimita 70 na mita 1 kutoka kizingitini. Mabega ya mtoto yaelekee pembeni kidogo, uso urudi kwako. Wewe kaa nje ya mlango, upande mmoja, usizibe mwanga kwa mwili wako. Kaa chini kabisa, kwani macho ya mtoto wa umri huo akiwa kigodani yako kama sentimita 70 kutoka sakafuni, na lenzi inatakiwa iwe hapohapo. Ukimpiga umesimama anatoka kichwa kikubwa na miguu midogo.

Kisha mtazame mboni. Ukiona kipande kidogo cha mwanga chenye umbo la mlango ndani ya macho yote mawili, mwanga umekaa. Kikionekana kwenye jicho moja tu, mgeuze uso kuelekea nje kidogo mpaka kitokee na kwenye la pili. Upande wa uso uliobaki na kivuli kizito, tundika shuka jeupe kwenye kiti nusu mita kutoka kwake, nje ya picha, na utaona shavu linarudi. Angalia pia rangi zilizo jirani. Ukuta wa kijani unatupa kijani usoni, na udongo mwekundu wa uani unapaka kidevu rangi yake, kwa hiyo tandika shuka jingine chini, pale mbele ya kizingiti.

Uzuri mwingine wa mlangoni ni nyuma. Mwanga wa mlango hupungua haraka kadiri unavyoingia ndani, kwa hiyo ukuta ulio mita tatu nyuma ya mtoto unabaki giza, na friji, kalenda na waya wa televisheni vinapotea vyenyewe. Nywele zikimezwa na giza hilo, ning'iniza kitambaa cha krimu au kahawia mita moja na nusu nyuma yake.

Kaa umbali wa mita 1 na nusu hivi. Ukisogea sana pua inakuwa kubwa na masikio yanajificha, kwa sababu pua inakuwa karibu na lenzi kupita kiasi kuliko sehemu nyingine za uso. Simu yenye lenzi ya pili ya kuvuta mara mbili, itumie. Isiyo nayo, usivute kwa vidole: ukivuta mara mbili unaweza kubaki na robo ya pikseli zako, na hesabu yote ya mwanzo inaharibika. Afadhali picha ianzie kiunoni. Na ufute lenzi kwa kitambaa safi cha pamba. Mafuta ya vidole peke yake yanatosha kuleta ukungu.

Flashi izime. Macho mekundu hutokea kwa sababu flashi iko jirani kabisa na lenzi, mwanga unaingia kwenye mboni iliyopanuka gizani, unagonga mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho na kurudi moja kwa moja. Hayana madhara. Ila nikuambie jambo moja nje ya mada ya fremu, maana wazazi hulipuuza wakidhani ni hitilafu ya simu: ukiona kwenye picha zaidi ya moja jicho moja ni jekundu na jingine linatoka jeupe au la manjano ndani ya mboni, mpeleke mtoto akapimwe macho wiki hiyohiyo. Huenda ikawa ni pembe ya mwanga tu. Lakini inaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho ya watoto iitwayo retinoblastoma, ambayo ikiwahiwa inatibika. Hospitali ya KCMC hapo Moshi ina idara ya macho. Nenda na picha zenyewe kwenye simu umwonyeshe daktari.

Kutotulia kwake ni umri. Mpige akiwa ameshalala mchana na kula, na ujipe dakika kumi na tano, siyo saa nzima. Neno "cheka" liache, kwani linaleta hayo meno unayoyalalamikia. Mpe kazi: apulize ua, ahesabu vifungo vya gauni, amnong'oneze mwanasesere siri. Mtu mwingine anayempenda asimame nyuma ya bega lako, asisimame pembeni, la sivyo macho yatakimbilia huko. Shikilia kitufe, au kiburute kama simu yako inataka hivyo, zitoke picha nyingi mfululizo, na usimwonyeshe hata moja mpaka mmalize. Akishaona kioo, kazi imekwisha. Ukipata uso uliotulia usio na tabasamu, usiufute. Kwa macho yangu huo hauchoshi ukutani, ukilinganisha na kicheko cha kuagizwa. Zikitoka zenye msukosuko wa mwendo, jua mwanga ni mdogo: simu penye giza huacha lenzi wazi kwa muda mrefu, labda sehemu ya 30 ya sekunde, na mtoto anataka kama sehemu ya 250. Msogeze karibu na mlango.

Mlima unawezekana, lakini una saa zake. Kilele cha Kibo hujitokeza zaidi alfajiri na asubuhi. Kufikia saa tatu au nne mara nyingi mawingu yameshapanda kutoka msituni, na jioni wakati mwingine hufunguka tena. Kutoka Moshi Mlima uko kaskazini, kwa hiyo mtoto akiupa mgongo anatazama kusini. Novemba na Desemba jua liko upande wa kusini, na asubuhi linampiga upande wa kushoto wa uso kutokea mbele kidogo, mwanga mzuri kabisa. Juni jua liko kaskazini, linatokea nyuma yake na uso unabaki kivulini, tena kuna mawingu ya msimu ule. Una bahati na msimu uliouchagua. Piga kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Kosa la kawaida ni kusimama karibu na mtoto kwa lenzi pana, Kibo ikatoka kama kichuguu. Rudi nyuma mita tano au sita, kisha tumia lenzi ya kuvuta. Ukirudi nyuma mtoto anapungua ilhali Mlima, ulio umbali wa kilomita 30 hivi, haupungui; ukivuta, vyote vinakuja pamoja. Kama simu haina lenzi hiyo, picha ya Mlima iache au mwachie mpiga picha.

Studio ina faida zake, sitaidharau. Ukitaka familia nzima na babu na bibi kwenye picha moja, au picha ya zaidi ya mita 1, au mtoto mchanga wa kulazwa mikao ile ya kulala, mtafute mtu wa kazi hiyo. Kwa binti wa miaka mitatu mwulize kama anaweza kuja nyumbani, maana watoto wengi huogopa mwanga wa kupasuka na chumba kigeni. Kubaliana naye mapema kwamba utapewa faili za asili, na aonyeshe kazi yake ikiwa kwenye karatasi, siyo kwenye simu pekee. Umwambie pia waziwazi asimng'arishe mtoto ngozi. Wengine hufanya hivyo bila kuulizwa wakidhani wanakupendezesha.

Kusafisha, nenda studio inayotumia karatasi ya picha. Printa ya ofisini na karatasi ya kawaida hunywa wino na kuyafanya maeneo ya giza kuwa doa moja. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake, karatasi inaakisi tu, kwa hiyo picha hutoka na giza kuliko ulivyoiona. Shusha mwangaza wa kioo mpaka nusu ndipo uamue kama uso unatosha, kisha uongeze kidogo. Toa kwanza moja ya inchi 4 kwa 6 na uitazame nje kivulini. Ukiridhika, ndipo uagize kubwa, na fanya hivyo Novemba, kabla ya foleni za Krismasi. Chini ya kioo chukua karatasi ya mati. Ya kung'aa inaongeza tu mwako wa dirisha.

Kwenye fremu picha isigusane na kioo, kwani masika unyevu huingia na karatasi inaganda, ukija kuitoa inachanika. Mwambie fundi aweke mpaka wa karatasi ngumu, sentimita 4 au 5 kila upande, ambao unaacha upenyo na kupendezesha pia. Ukiutaka, fremu inunuliwe kubwa kuliko picha kwa kiasi hicho. Picha ishikwe kwa utepe upande wa juu tu. Ikipakwa gundi mgongo mzima, karatasi hutanuka na kunywea na hali ya hewa na kufanya mawimbi.

Ukuta unaopigwa na jua la jioni utaifubaza picha, na ukuta wa bafu au unaotoa ukungu wa unyevu wakati wa mvua utaipa madoa. Juu ya kochi, ukingo wa chini wa fremu uwe sentimita 20 hivi kutoka mgongo wa kochi, mtu akiegemea asiigonge kwa kichwa. Kwenye ukuta wa tofali za saruji toboa kwa drili, uweke plagi ya plastiki na skrubu. Msumari wa kawaida hupinda na kubomoa plasta. Ukitundika tatu, anza na ya katikati.